Mtaalamu wa Ski wa Stratford Road

Jamani, habari hii nimeikalia miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia masikio yananiwaka moto, lakini kwa kuwa kuna watu Birmingham wanaoisimulia bila mimi (na wanaongeza chumvi, eti nilivunja kioo, wallahi sikuvunja kioo chochote), nimeona bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa, mnicheke mara moja yaishe.

Mimi Saumu, mtoto wa Tanga, wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya kukata tiketi pale Stratford Road, Sparkhill, tumebanwa kati ya bucha la halali na duka la nguo za harusi, ofisi yenyewe upana wake kama kitanda cha watu wawili, meza mbili, ramani ya dunia iliyopauka kwa jua, na hita moja ambayo ukiiwasha kompyuta inazima. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Shaaban, Mzanzibari, mtu mwema sana lakini katika biashara ana kauli moja tu: mteja akishaingia asitoke hivi hivi. Tulikuwa tunauza tiketi za Dar, Nairobi, Mombasa, Karachi, na safari za Umra. Basi. Mambo ya theluji hayakuwemo.

Januari ile Bwana Shaaban akaenda Unguja kumwoza binti yake, wiki tatu, akaniachia funguo na ofisi nzima, na mimi, mtu niliyezoea kupokea simu na kuchemsha chai, nikajiona mkurugenzi. Siku ya kwanza tu nikahamia kwenye kiti chake. (Kiti kile kinazunguka. Nadhani kizunguzungu cha yote yaliyofuata kilianzia pale.)

Jumatatu moja asubuhi, baridi kali, hita nimeizima kwa ajili ya kompyuta na mimi nimejitanda kanga mabegani, mlango ukafunguliwa akaingia mzee mmoja wa Kisikh, mrefu, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, anachechemea mguu wa kushoto. Nyuma yake mkewe, mama mfupi mwenye sweta la kijani na macho makali nyuma ya miwani, na nyuma ya mkewe rafiki yao, mzee mnene ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kutabasamu. Nikawakaribisha kwa Kiingereza changu cha ofisini. Mzee alikuwa anaitazama kanga yangu, akaanza kuyasoma maandishi yake kwa sauti, pole pole, neno kwa neno, kama mtu anayeonja chakula alichokisahau.

"Wewe ni mtu ya wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Tanga, mzee. Shikamoo."

Lo! Mzee akaweka mkono kifuani. "Marahaba! Marahaba, mtoto yangu! Miaka thelathini na kitu hakuna mtu amenipa shikamoo!"

Basi akavuta kiti, akanipa historia yake yote. Jina lake Harbans, mzaliwa wa Kisumu, baba yake alikuwa fundi wa reli. Walipotoka Kenya yeye alipata kazi Uswisi, fundi wa zile kamba za chuma zinazowapandisha watu milimani, akakaa huko miaka kumi na moja, na huko ndiko yeye na mkewe, Mama Surinder, walikojifunza ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Rafiki yao, Mzee Kirit, mtu wa Jinja, walimfundisha wao wenyewe walipohamia Birmingham, na tangu hapo kila mwaka wanaenda pamoja, watatu, wazee wazima, kuteleza.

"Sasa sikia," akasema Mzee Harbans. "Ile ofisi yetu ya safari imefungwa. Mahali tulikuwa tunaenda tumechoka nayo, ni ya watoto. Sisi nataka mahali ya wataalamu. Ngumu kabisa! Mwezi ya nne mimi napasuliwa hii goti, na daktari amesema baada ya hapo, bas, hakuna ski tena. Hii ndio ya mwisho. Kwa hivyo wewe tuchagulie, lakini chagua vizuri."

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa, ndugu zangu, wazi kabisa. Ningesema tu, "Mzee, ski siijui, acha nipige simu nikuulizie." Maneno machache, hata pumzi hayamalizi. Lakini niko kwenye kiti kinachozunguka, mzee ananitazama kama binti yake, na kauli ya Bwana Shaaban inanipigia kelele kichwani, nikasema:

"Mmefika penyewe."

"Kwani wewe unajua ski?"

"Najua, mzee."

"Mtoto ya Tanga! Umejifunza wapi?"

Hapa sijui ni shetani gani alinishika ulimi. "Kilimanjaro," nikasema.

Mzee Harbans akamgeukia Mzee Kirit, Mzee Kirit akamgeukia Mama Surinder, Mama Surinder hakumgeukia mtu, alikuwa ananitazama mimi. "Kilimanjaro iko ski?" akauliza mzee.

"Upande wa nyuma," nikamjibu.

Akafurahi mpaka akapiga meza.

Jioni nikapanda basi kurudi Lozells na mfuko mzima wa vile vitabu vya picha ambavyo makampuni ya safari huwa yanatuletea na sisi huwa tunavitumia kuegeshea mlango. Nilikuwa naishi na dada mmoja wa Bukavu, Chantal, alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mtu mkweli mpaka anaudhi. Nikamwaga vitabu juu ya meza ya jikoni, nikamweleza.

"Weye Saumu uko mujinga sana," akasema huku anageuza ndizi kwenye kikaango. "Banakuuliza unajua, unasema ndiyo. Alors, sasa utachagua namna gani?"

"Kwa akili," nikasema.

Na kweli nilitumia akili, msinicheke. Nikafunua kurasa moja baada ya nyingine. Picha nyingi zilikuwa za watu wanacheka, wamekaa kwenye viti vya kamba wananing'inia hewani, wanakunywa vitu vya moto vibarazani, miwani mikubwa, mashavu mekundu. Nikajiambia hawa si wataalamu, hawa wamekuja kustarehe. Halafu nikafika kwenye ukurasa mmoja, watu wake wamekonda, wamevaa nguo za kubana, ski zao nyembamba kama mwiko wa ugali, jasho linawatoka, wamekunja nyuso, hakuna hata mmoja anayecheka. Chini yake pameandikwa kwamba mahali hapa ni kwa mwanamichezo wa kweli, anayetaka kupima pumzi zake. Bonde moja la Austria, lina jina refu ambalo mpaka leo siwezi kulitamka.

"Hawa ndio wataalamu," nikamwambia Chantal. "Hebu waone wanavyoteseka."

Chantal akainama, akaitazama ile picha. "Mulima iko wapi?"

"Mlima uko nyuma," nikasema, nikafunga kitabu. (Mimi na vitu vya nyuma.)

Jumatano wakaja. Kitabu nilikiacha nyumbani kwa sababu kilidondokewa mafuta ya ndizi, lakini karatasi za kampuni zilikuwa tayari, jina la mahali, tarehe, ndege kutoka hapa hapa Birmingham siku kumi na mbili mbele. Mzee Harbans akakaa, akasugua viganja.

"Haya, mtaalamu. Black ziko ngapi huko?"

Sasa mimi nilisikia "black" nikaelewa anavyoelewa mtu anayeishi Lozells, mtaa wa watu weusi. Nikaona mzee anajali, anataka kujua sisi weusi huko tunapokewaje. Nikamwambia kwa huruma, "Wachache, mzee, lakini nasikia wanakaribishwa vizuri tu."

Mara Mzee Harbans akapasuka kwa kicheko, Mzee Kirit akafuata, tumbo linaruka. "Hii mtoto iko na mdomo!" akasema mzee, akijifuta machozi. Na mimi nikacheka nao, maana mtu akicheka ofisini kwako unacheka. (Ni baadaye ndio niliambiwa kwamba njia za kuteremkia mlimani zina rangi, na nyeusi ndiyo kali kuliko zote.)

"Na mogul?" akauliza Mzee Kirit, neno lake la kwanza tangu nimjue. "Mimi bila mogul siendi."

Hilo nikalijua. Mikahawa ya jina hilo iko mitatu Stratford Road peke yake, biriani, tikka, nan moto moto. Nikaona ni haki yake, mtu ugenini anataka chakula cha kwao. "Zipo," nikasema, "tena za halali kabisa."

Wakacheka tena mpaka mwenye bucha akachungulia. (Mogul ni matuta ya theluji. Matuta! Niambieni mtu wa Ngamiani, Tanga, angejuaje?)

Mama Surinder hakucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaivaa tena, kisha akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mumewe, "Miteremko yake inaelekea upande gani?"

Nikahisi jasho mgongoni na hita imezimwa. Upande. Upande gani ungekuwa mzuri? Nikafikiri, kitu kizuri kinaelekea wapi? "Kibla," nikasema.

Hata Mzee Harbans safari hii alichelewa kucheka kidogo, lakini akacheka. Akatia sahihi, akalipa, akakunja karatasi akaiweka mfuko wa ndani wa koti kama cheti. Wakati wanainuka Mama Surinder akanigeukia.

"Jumapili tunakwenda kufanya mazoezi," akasema. "Pale nje ya mji penye theluji ya ndani. Utakuja na sisi."

"Mama, sina nguo za..."

"Nitakuletea za binti yangu."

"Na viatu..."

"Viatu vinakodishwa."

"Jumapili huwa naenda kumtazama..."

"Saa nne tutakufuata nyumbani," akasema. Akaondoka.

Siku tatu zile nilifanya mazoezi. Chantal alinishauri nivae soksi niteleze kwenye sakafu ya jikoni, na nikateleza, kutoka kwenye jokofu mpaka kwenye sinki, kutoka kwenye sinki mpaka kwenye jokofu, Ijumaa jioni nikaona sasa nimeiva, hata mikono nilikuwa naitandaza. Nikajipa moyo: kwani kuteleza si kuteleza?

Jumapili wakanifuata. Mahali penyewe, kama hamjafika, ni banda moja kubwa kama la kuhifadhia ndege, ndani wameweka theluji kwenye mteremko, na chini kuna kioo kikubwa, nyuma ya kioo ni mkahawa, watu wanakunywa chai yao huku wanawatazama wanaoteleza. Ukiingia ni kama umefungiwa kwenye friza. Nilivaa suruali ya binti wa Mama Surinder, juu yake sketi yangu ndefu kwa heshima, juu yake koti la rangi ya machungwa, mtandio, na juu ya mtandio kofia ngumu iliyokuwa kubwa kwangu hivi kwamba nikigeuza kichwa yenyewe inabaki inatazama mbele.

Viatu vya ski, jamani. Ni kama mtu amekutumbukiza miguu kwenye mitungi miwili ya gesi. Nilihangaika navyo peke yangu kwenye benchi, sikutaka mtu aone, nikavibana, nikasimama, vidole vinalia. Nikasema ndivyo vilivyo, utaalamu una maumivu yake.

Wale wazee watatu walipogusa theluji tu wakawa watu wengine. Mzee Harbans hachechemei tena! Alipanda juu akashuka kama maji yanavyoshuka kwenye bomba, kilemba hakitikisiki. Mama Surinder ndiyo usiseme, anakwenda huku na huku kama anafuma kitambaa. Nikasimama pale chini nikiwapigia makofi, nikitumaini kwamba hilo ndilo nililoitiwa.

"Haya, Kilimanjaro!" akaniita Mzee Harbans. "Sasa wewe!"

Kuna mashine ya kuwapandisha watu, kijiti kirefu chenye kisahani mwishoni, unakiweka katikati ya miguu kinakuvuta kutoka nyuma. Nilimwona mtoto wa miaka saba hivi anafanya. Nikafanya kama yeye, ila mtoto hakuwa na sketi. Kisahani kikanasa kwenye sketi, kikanivuta, nikaenda. Katikati ya mteremko kuna bango kubwa, wanaojifunza wanatakiwa waachie hapo, na mwalimu aliyesimama pale akanipungia mkono, nami nikampungia. Ningeachiaje? Kile kidude na sketi yangu vilikuwa vimeshafunga ndoa.

Kikanifikisha juu kabisa, ndipo sketi ikachanika kidogo na kuniachia. Nikasimama. Nikatazama chini. Ndugu zangu, kutoka chini mteremko ule ulikuwa wa kawaida tu. Kutoka juu ulikuwa ukuta. Nikawaza nikae nishuke kwa makalio, nani atanijua, lakini chini pale Mzee Harbans alikuwa amenyanyua mikono yote miwili ananishangilia, na karibu yake watu wengine wameanza kutazama.

Sikuamua kuondoka. Ski ziliamua.

Kwanza nilikwenda polepole, nikatandaza mikono kama jikoni kwetu. Kisha nikawa sendi polepole. Sketi ikajaa upepo nyuma yangu kama mwavuli, kofia ikateremka ikanifunika macho yote, nikawa naenda gizani kwa kasi ya treni, na mdomo wangu, ambao ndio ulionileta pale, ukafunguka wenyewe: "Jamani pisheni! Pisheni mimi sijui! Sijui mimi! Sijuiiii!" Kwa Kiswahili, mbele ya umati wa Waingereza, nikaungama yote bila kuulizwa. Nikasikia filimbi. Nikasikia vile vibao vya plastiki vya njia vinagonga, ko, ko, ko. Kisha nikagonga kitu laini, kikasema "Hai Ram!" kikanikalia mapajani, na tukaendelea na safari wawili.

Alikuwa Mzee Kirit.

Tulikwenda hivyo, yeye amenikalia kama bwana harusi kwenye farasi, mpaka kwenye ule wavu wa rangi ya machungwa ulioko mbele ya kioo cha mkahawa, wavu ukatupokea, ukanyooka, ukanyooka, tukafika usawa wa kioo kabisa, pua zetu sentimita chache, nikasukuma kofia juu nikajikuta natazamana na bibi mmoja wa Kizungu ameshika kipande cha keki njia ya mdomoni, kisha wavu ukaturudisha nyuma. Mara mkahawa mzima ukasimama na kupiga makofi. Vijana wawili wakanyanyua simu zao (mwaka huo simu za kamera ndio zilikuwa zimeanza kuzagaa, na mimi mpaka leo nawalaani waliozitengeneza).

Mzee Kirit hakuumia, mgongo wake ni wa Jinja. Mimi kidole gumba kilivimba. Wakanikalisha mkahawani, Mama Surinder akapiga magoti akaanza kunivua viatu, akasita.

"Umevaa cha kushoto kulia," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Saumu. Umewahi kuski?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilijua kwenye Kilimanjaro. Kwenye Kibla nikawa na hakika." Akatoa kwenye mkoba wake kitabu kile kile cha picha, kipya, bila mafuta. "Jana nilikwenda mjini nikakitafuta. Harbans, tazama mahali tulipokatiwa." Akamwekea mumewe ule ukurasa.

Mzee Harbans akavaa miwani ya kusomea. Akasoma, akageuza, akarudi. "Lakini hapa ni tambarare," akasema. "Hii ni ile ski ya kutembea. Watu anatembea tu kwenye bonde. Mlima hakuna."

"Hakuna," akasema mkewe.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka pamoja nao, maana mpaka hapo kila upumbavu wangu walikuwa wameucheka. Mzee Harbans hakucheka. Akakunja kitabu, akaweka mkono juu ya goti lake bovu, akalisugua sugua, na alipozungumza sauti ilikuwa ya chini.

"Mimi sikukuuliza unajua ski kwa sababu nataka bingwa," akasema. "Kama ungesema hujui, tungetafuta pamoja. Nilikupa kazi kwa sababu wewe ni mtu ya nyumbani. Hii ndio mara yangu ya mwisho, mtoto yangu. Ya mwisho."

Aibu ya kuanguka mbele ya watu, nakwambieni, si kitu. Inawasha kama upupu, ukijikuna inapita. Hii nyingine haina pa kujikuna. Nikalia pale pale, kofia bado kichwani, na yule bibi wa Kizungu akanisogezea kipande chake cha keki. Nikakila, maana nilikuwa sijui nifanye nini na mikono.

Mama Surinder ndiye aliyekata shauri. "Kesho saa tatu nitakuwa ofisini kwako," akasema. "Wewe utapiga simu, mimi nitakaa pembeni."

Jumatatu akafika saa tatu kasoro. Akakaa kwenye kiti kinachozunguka, mimi nikakaa kwenye changu cha zamani. Kabla sijashika simu akanifundisha, kwa kalamu na nyuma ya bahasha. Akachora mlima. Akaniambia mtaalamu hatafuti mahali pakubwa wala penye picha nzuri, anatafuta miteremko mirefu na mikali, njia nyeusi nyingi, na nyingine zisizosawazishwa na mashine. Anataka mahali palipo juu sana ili theluji isiwe uji. Na miteremko mizuri iwe inaelekea kaskazini, jua lisiifikie. "Kibla ukiwa huko ni kusini mashariki," akasema. "Upande wa jua la asubuhi. Mchana unaski kwenye matope." Akaniambia niulize kama kuna waongozaji wenyeji wa kuwapeleka nje ya njia zilizochorwa, kwa sababu mlima mgeni hauujui hata ukiwa bingwa. Na niulize matuta yako wapi, kwa ajili ya Kirit.

Nikapiga simu kwa kampuni. Ilibidi niseme kwa kinywa changu kwamba nimewakosea wateja, kwamba nilichagua nisichokijua, nikamsikia yule dada wa upande wa pili anabonyeza kompyuta yake. Kisha akasema wana hoteli nyingine, Ufaransa, juu kabisa, na nafasi tatu zimebaki tarehe zile zile. Nikamwuliza maswali yote ya bahasha, moja moja, naandika majibu, Mama Surinder anasoma juu ya bega langu. Nilipofika kwenye upande wa miteremko na yule dada akasema kaskazini, Mama Surinder akanigonga mgongoni ngumi ndogo, na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake.

Nikamwuliza, simu ilipokatika, "Mama, kama ulijua tangu mwanzo, mbona hukusema?"

"Tangu daktari amwambie habari ya goti, Harbans alikuwa hacheki," akasema. "Siku ile ofisini kwako alicheka mpaka nyumbani. Sikuwa na haraka ya kumnyang'anya." Kisha akaongeza, "Lakini Jumapili nilitaka uanguke. Kidogo tu. Si vile."

Picha zilikuwa zimeshatangulia. Jumanne mwenye bucha aliniita "Mama Ski" mbele ya foleni nzima, Jumatano nikamkuta mtu Small Heath anazo kwenye simu yake na hanijui, na Alhamisi Bwana Shaaban alipotua kutoka Unguja, alinionyesha simu kabla hata hajanipa salamu za harusi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hakunifundisha kudanganya, na ni kweli, hakunifundisha. Hakunifukuza. Alinipa adhabu mbaya zaidi: akaandika bango akalibandika kioo cha mbele, kwamba hapa tunahudumia na safari za ski, muulize Saumu.

Wazee wakaenda, wakarudi. Mzee Harbans aliingia ofisini na mkongojo, uso umeungua na jua mpaka chini ya kilemba, meno nje. "Ngumu kabisa!" akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Nimeanguka mara mbili! Kirit ameanguka mara sita!" Akanipa mkono, akaushikilia. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwuliza, lakini alikaa nusu saa nzima akinielezea mteremko mmoja mmoja, na chai akanywa vikombe viwili.

Tangu hapo nikaweka nadhiri: nisichokijua nitasema sikijui, hata kama mteja ni mfalme. Na Mungu hakukawia kunijaribu. Wiki ile ile akaingia bwana mmoja nadhifu wa Hodge Hill, anataka mahali pa kuzamia baharini, kuangalia samaki na meli zilizozama, nimchagulie pa wazamiaji wazoefu. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa fahari, "Bwana wangu, sijui. Nipe mpaka kesho nimwulize anayejua."

Akaniambia ahsante, akatoka, akavuka barabara, akaingia ofisi ya tiketi ya upande wa pili. Nikasimama dirishani nikamwona kijana wa pale anavyompokea, anavyomvutia kiti, anavyotikisa kichwa kwa uhakika, ndiyo, ndiyo, anavyopiga kifua. Kijana huyo namfahamu. Hata bafu la kuogea analiogopa. Bwana Shaaban akanitazama kwa uchungu, mteja ametoka hivi hivi, lakini mimi sikuwa na uchungu hata chembe. Nilikuwa namwombea dua yule kijana.